Mtaala Uko Wapi?

Mwanzoni mwa mwaka 2013 Bunge la Tanzania lilijadili jambo ambalo ukilisikia kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni utani: kama nchi ina mtaala au haina. James Mbatia, mbunge wa kuteuliwa kutoka NCCR-Mageuzi, alikuwa amewasilisha hoja binafsi kuhusu udhaifu wa sekta ya elimu. Alidai kwamba shule zetu zinaendeshwa bila mtaala rasmi, akaitaka serikali iuweke mezani kama kweli upo. Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Ufundi wa wakati huo, Dk. Shukuru Kawambwa, alisisitiza kwamba upo, na nakala zikapelekwa kwa wabunge. Mbatia akazitilia shaka hata nakala zenyewe. Kila upande ukabaki na msimamo wake.

Mwezi Februari mwaka huohuo matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalitangazwa. Watahiniwa 240,903 walikuwa wamepata daraja sifuri, zaidi ya asilimia 60 ya wote.

Nilikuwa darasa la sita. Neno mtaala nililisikia redioni siku zile, likitajwa kama jina la mtu aliyepotea na anayetafutwa na ndugu zake. Leo nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu karatasi za shule: mihtasari, maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, mitihani ya miaka iliyopita. Kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyoona kwamba lile swali la bungeni lilistahili kujibiwa na wanahistoria. Waraka unaweza kuwepo kabatini na usiwepo darasani. Unaweza pia kuwepo darasani kwa jina la kitu kingine. Ili kujua mtaala wetu uko wapi, inabidi kurudi nyuma karibu miaka mia moja.

Kwanza tuelewane kuhusu karatasi zenyewe. Mtaala ni waraka wa taifa: unaeleza mtoto akimaliza shule anatarajiwa kujua nini, kuweza kufanya nini, na kuwa mtu wa namna gani. Kutokana nao huandikwa muhtasari wa kila somo, wenye mada na idadi ya vipindi. Kutokana na muhtasari, mwalimu huandaa azimio la kazi, jedwali lenye mwezi, wiki, mada kuu, mada ndogo, vipindi, zana, rejea, na safu ya mwisho ya maoni. Kutokana na azimio la kazi huandaa andalio la somo, karatasi ya kipindi kimoja. Pembeni kuna kitabu cha kiada, na mwisho kabisa kuna mtihani wa taifa. Kwa nadharia karatasi hizi zinasema jambo lilelile kwa ukubwa tofauti, kama ramani ya nchi, ya wilaya na ya kijiji.

Nchini Marekani kazi ya kuzioanisha hufanyika wilayani. Jimbo huandika viwango vya kitaaluma, na wilaya ya shule, yenye bodi yake, hutafuta mtaala na vitabu vya kuvifikia. Tangu sheria iliyosainiwa Januari 2002, kipimo kikubwa kimekuwa mitihani ya kusoma na hisabati kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Huku kwetu Tanzania Bara halmashauri haina mamlaka hayo. Inasimamia shule na inabeba lawama za matokeo, lakini mtaala hutoka Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, na mtihani hutoka Baraza la Mitihani, NECTA. Ni vyombo viwili vyenye sheria mbili. Anayetakiwa kuvioanisha kila siku asubuhi ni mwalimu aliyeshika chaki.

Mmoja wa walimu hao, mama mstaafu, alinikopesha madaftari yake. Alikuwa mwalimu wa UPE, yaani mmoja wa maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba na kupewa madarasa miaka ya 1970 huku wakijifunza ualimu kazini. Nilimwuliza alikuwa anapataje muhtasari. "Mwanangu," akasema, "muhtasari ulikuwa mmoja shule nzima, tunaunakili kwa zamu. Mitihani ya nyuma ndiyo kila mtu alikuwa nayo." Nilimshukuru, nikamwambia shikamoo ya kuaga, nikaondoka na fuko la madaftari. Sentensi ile imenisaidia kusoma nyaraka nyingi za serikali.

Mwaka 1928 Waingereza walifungua shule ya Malangali, katika nyanda za juu za kusini. Mkuu wake, W. B. Mumford, aliamini kwamba elimu ya kizungu inamng'oa mtoto wa Kiafrika katika jamii yake. Hakuwa peke yake. Tume ya Phelps-Stokes ilikuwa imepita Afrika Mashariki mwaka 1924, na waraka wa sera uliotoka London mwaka 1925 ulitaka elimu iendane na mazingira na mila za wenyeji. Mumford alilichukua agizo hilo kwa uzito kuliko wengi. Vijana wa Kihehe, Kibena na Kisangu walicheza ngoma na kurusha mikuki shuleni, na wazee walialikwa kufundisha desturi.

Ukisoma harakaharaka utampenda Mumford. Lakini viwango alivyokuwa anavifuata vilikuwa vya nani? Mwingereza ndiye aliyeamua desturi ya Mhehe ni ipi, na ndiye aliyeamua kwamba mtoto wa Mhehe anahitaji mkuki, wakati serikali ileile iliyomwajiri ilikuwa inatafuta makarani wanaojua kusoma, kuandika na kusema Kiingereza. Kule Bukoba, miaka ya 1930, serikali iliigeuza shule ya Nyakato kuwa ya kilimo. Wahaya walikuwa wakulima wa kahawa na migomba, na hawakuona kwa nini mtoto aende shule kufundishwa kushika jembe. Walipinga, na mpango ule ukaachwa. Wazazi wale walisoma vizuri kuliko maofisa. Waliona kwamba mtaala unaweza kusifia shamba na mila, lakini anayepanda ngazi ni mwenye cheti, na cheti hakikuuliza habari za migomba.

Uhuru ulikuta mifumo mitatu ya elimu iliyogawanywa kwa rangi: ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika. Kuanzia mwaka 1962 ikaunganishwa. Mihtasari ikaanza kuandikwa upya, na historia ya Afrika ikaanza kuchukua nafasi ya historia ya wafalme wa Uingereza. Hata hivyo, mwisho wa kidato cha nne mwanafunzi aliendelea kukutana na mtihani wa Cambridge. Nchi ilikuwa huru kufundisha inachotaka, lakini kipimo kilibaki kwa mtawala wa jana.

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Wengi wetu tulilikariri shuleni kwa orodha: elimu ya kikoloni ilikuwa ya wachache, iliwatenga vijana na jamii, iliabudu vitabu, iliwaondoa wenye nguvu katika uzalishaji. Orodha hiyo bado hutoka kwenye mitihani, jambo ambalo nadhani lingemchekesha mwandishi wake. Kinachotajwa kwa nadra ni aliyoyasema kuhusu mitihani yenyewe. Nyerere, aliyewahi kufundisha Pugu, alitaka hadhi ya mtihani ishushwe. Alitaka nchi iamue kwanza kijana wa kijijini anahitaji kujua nini, kisha mtihani utungwe kufuata uamuzi huo. Alijua kwamba kazi ikianzia kwenye mtihani, kila kitu kingine kitajipanga nyuma yake.

Shule zikalima. Zikafuga kuku, zikapanda miti, zikatengeneza bustani za mboga. Lakini nafasi ya sekondari haikupatikana shambani. Ilipatikana kwenye karatasi ya darasa la saba, na nafasi zenyewe zilikuwa chache mno. Kwa hiyo kujitegemea kukahamia saa za baada ya masomo, na katika shule nyingi kukawa adhabu: aliyechelewa namba atalima matuta mawili. Katika madaftari ya yule mama, wiki za Julai zina kazi ya shamba iliyoandikwa kwa penseli pembezoni, nje ya jedwali. Ndani ya jedwali, kwa wino, kuna sehemu, asilimia na mafumbo ya hesabu. Hakuna aliyemfundisha kutofautisha penseli na wino. Alijua mwenyewe kipi kitaulizwa.

Viongozi waliona tatizo, na wakajaribu tena. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Sheria Na. 21 ya mwaka 1973 ikaanzisha NECTA. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana Musoma, ilipitisha azimio ambalo pamoja na mambo mengine lilitaka elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, na ukubwa wa mtihani wa mwisho upunguzwe. Mwaka 1975 ikaundwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, TUMI, ambayo mwaka 1993 iliitwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Kuanzia 1976 maendeleo ya kila siku yakaanza kuhesabiwa nusu ya alama za mwisho za sekondari, na tabia na bidii ya kazi vikaingizwa katika tathmini.

Napenda kusimama hapa, kwa sababu katika historia nzima hii ndiyo mara ambayo mtihani wenyewe uliguswa. Mwalimu anayeishi na mwanafunzi kwa miaka minne alipewa nusu ya sauti. Ilikuwa fikra jasiri. Ikakutana na mambo mawili. La kwanza ni kwamba alama za mwalimu zilianza kupanda, kwa sababu mwalimu naye ni binadamu, anaishi na wazazi wa watoto wale, na shule ya jirani inapandisha. La pili ni kwamba tabia haipimiki kwa fomu. Ukitakiwa kujaza uaminifu wa mtoto kwa herufi, utampa A au B, kwa sababu herufi ya chini itamfuata maisha yake yote kwa kosa ambalo wewe mwenyewe huna hakika nalo. Alama zikapanda, na mtihani wa mwisho ukabaki ndio unaoaminika, hata na wale waliouchukia.

Kuna ufa mwingine mkubwa zaidi, na huu haukuhitaji fomu kuonekana. Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali. Sekondari ikabaki na Kiingereza. Fikiria maana yake kwa mtoto. Anamaliza darasa la saba akiweza kueleza usanisinuru: jani, mwanga, maji, hewa ukaa, chakula. Miezi minne baadaye, darasani kidato cha kwanza, mchakato uleule unaletwa kwa jina jingine, na maelezo yote ni ya lugha ambayo hajawahi kuitumia kuomba hata maji ya kunywa. Alichokuwa anakijua amekuwa hakijui tena. Hakuna mpangilio wa mada unaoweza kuliziba pengo hilo.

Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, iliyoteuliwa mwaka 1980 na kutoa ripoti 1982, ililiona. Ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza kuanzia Januari 1985, kisha kipande mwaka hadi mwaka mpaka chuo kikuu. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walikuta kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi kiko chini sana kiasi kwamba hakiwezi kubeba masomo. Kilichofuata ni mradi wa kuimarisha Kiingereza. Daraja kati ya msingi na sekondari likaendelea kuwa la mtoto mwenyewe kuogelea.

Kisha ukaja mwaka 2005. Mtaala mpya wa sekondari ulikuja na neno umahiri. Maana yake ilikuwa nzuri: isitoshe mwanafunzi kutaja sehemu za ua, aweze kufanya jambo kwa maarifa hayo. Mwalimu aache kumimina, aongoze. Wanafunzi wajadiliane, wachunguze, watende. Andalio la somo likaongezewa safu za shughuli za mwanafunzi karibu kila hatua.

Tazama mtaala huo ulitua wapi. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa mwaka 2001, na MMEM ukaanza 2002. Watoto waliokuwa mitaani na mashambani wakaingia darasani. MMES ukafuata mwaka 2004, na shule za kata zikajengwa kwa kasi kwa nguvu za wananchi, kila kata na yake, mara nyingi walimu na maabara vikija baadaye au visije. Walimu wengi hawakuwa wamepata semina ya mtaala mpya. Waliupokea kama walivyopokea wenzao wa 1976, kwa muhtasari wa kuazimana. Vitabu navyo viliandikwa na wachapishaji mbalimbali, kwa hiyo shule mbili za tarafa moja ziliweza kufundisha mada moja kwa vitabu visivyokubaliana. Mwalimu mwenye wanafunzi 90 na kipindi cha dakika 40 akaandika kwenye andalio kwamba wanafunzi watajadiliana katika vikundi. Akaingia darasani, akaandika nukuu ubaoni, wakanakili. Wengi husema mwalimu huyo ni mvivu au mwongo. Nimesoma maandalio mengi mno kukubali hilo. Alikuwa anaandikia mkaguzi karatasi moja, na anafundishia karatasi nyingine inayoitwa mtihani.

Na mtihani ulikuwa unaenda wapi wakati mtaala unaenda kwenye umahiri? Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulijibiwa kwa kuweka kivuli kwenye herufi, katika fomu inayosomwa na mashine. Hata hisabati. Mtaala unasema mtoto aonyeshe njia. Karatasi inasema achague A, B, C, D au E. Mtoto asiyejua kitu ana nafasi moja kati ya tano, na mtoto aliyejua njia yote akakosea hesabu ya mwisho hana alama hata moja. Sababu ya kutumia mashine inaeleweka, maana watahiniwa walikuwa laki nyingi na kusahihisha kwa mkono ni gharama. Lakini ukimwambia mwalimu afundishe njia, atakuuliza kwa adabu, "Samahani mheshimiwa, hiyo njia itapimwa wapi?"

Hivyo ndivyo tulivyofika Februari 2013 na zile sifuri 240,903. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume kuchunguza. Mei mwaka uleule serikali ikatangaza kwamba matokeo yamefutwa na yatapangwa upya, kwa kuwa utaratibu wa kupanga madaraja uliotumika ulikuwa tofauti na ule wa miaka iliyotangulia. Baraza likapanga upya. Walioshindwa wakapungua, ila bado walikuwa zaidi ya nusu. Mwaka huohuo kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu vya wachapishaji binafsi ilivunjwa, na kuandika vitabu vya kiada kukarudi TET.

Mara nyingi tunalisimulia tukio hili kama kashfa ya viwango vya alama. Mimi naliona kama siku ambayo karatasi zote zilikutana hadharani na ikaonekana hazifahamiani. Mtaala haujulikani kama upo. Muhtasari unataka umahiri. Kitabu kinasema lake. Mtihani unataka kukumbuka, tena kwa lugha isiyo ya msingi wa mtoto. Kisha kipimo kinabadilishwa mwaka ambao vijana wameshakaa kwenye madawati. Kati ya karatasi hizo zote hakuna iliyopata sifuri. Walioipata ni vijana wa miaka 17 na 18.

Baada ya hapo ulikuja Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Kuanzia 2013 shule zikapangwa kwa rangi kutokana na matokeo: kijani, njano, nyekundu. Halmashauri ambazo hazina mamlaka juu ya mtaala zikagundua kwamba zina mamlaka juu ya kitu chenye nguvu kuliko mtaala: mitihani ya kujipima. Kuna ya kata, ya wilaya, ya mkoa, na mtihani wa utamilifu kabla ya ule wa taifa. Afisa elimu anayejua ataulizwa kwa nini wilaya yake imeshuka nafasi kumi hawezi kukaa akisubiri umahiri ukomae. Anaagiza mada zote za darasa la saba zimalizwe mapema, ili miezi inayobaki iwe ya marudio. Huo ndio uoanishaji wetu wa kiwilaya. Unafanya kazi vizuri sana, na unaelekea kwenye mtihani.

Nisieleweke vibaya. Sidhani mtihani ni adui. Kwa mtoto wa mkulima asiye na mjomba ofisini, mtihani wa taifa wenye namba badala ya jina ndio mlango pekee usiouliza wewe ni mtoto wa nani. Wazazi wa Bukoba walilijua hilo miaka ya 1930, na wazazi wa leo wanalijua. Ndiyo maana kila mageuzi yaliyoupita mtihani pembeni yameshindwa. Watu hawawezi kuacha ngazi wanayoiona kwa ajili ya ahadi wasiyoiona. Mwaka 1967 mtihani uliambiwa ushuke hadhi, lakini nafasi chache za sekondari ziliendelea kugawiwa kwa mtihani huohuo. Mwaka 1976 uliguswa bila kumpa mwalimu ulinzi wa kuwa mkweli. Mwaka 2005 uliachwa kabisa uende njia yake. Kila mara waliotakiwa kuoanisha kazi yao na viwango walikuwa wa chini: mwalimu, mwanafunzi, shule ya kata. Sijaona katika kumbukumbu nilizosoma mahali ambapo mtihani ulitakiwa, kwa uzito uleule, kujioanisha na mtaala.

Sasa tuko katikati ya mageuzi mengine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imekuja na mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza, darasa la tatu na kidato cha kwanza. Elimu ya msingi inakuwa miaka sita, elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, na sekondari ina mkondo wa amali kwa watakaosomea ufundi, kilimo na fani nyingine. Kuna somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili hata sekondari. Sekondari yenyewe, kwa masomo mengine mengi, imebaki na Kiingereza. Mwaka 2027 watoto wa mwisho wa darasa la saba na wa kwanza wa darasa la sita watamaliza pamoja.

Nasoma muhtasari wa amali na kusikia sauti za zamani: Nyakato, kujitegemea, Musoma. Hilo halinikatishi tamaa. Fikra nzuri ina haki ya kujaribiwa zaidi ya mara moja. Ila safari hii ningependa tutangulize swali ambalo kwa karibu miaka mia tumelichelewesha: kijana wa amali akimaliza, cheti chake kitafungua mlango uleule unaofunguliwa na cha mwenzake, au ataambiwa alichosoma ni kizuri huku nafasi zikipewa wengine? Na karatasi atakayopewa mwisho itamtaka ashone, achomelee, aunge waya, au aweke kivuli kwenye herufi inayosema jinsi ya kuunga waya?

Ukitaka kujua mtaala ulioshinda kati ya yote niliyoyataja, nenda kwenye duka la vifaa vya shule karibu na stendi ya mji wowote. Kwenye rafu ya mbele utakuta vijitabu vya mitihani ya nyuma vyenye majibu. Vimesambaa kuliko muhtasari wowote, vinaeleweka na mzazi, vinapatikana mpaka gulioni. Mbatia angeenda pale angepewa nakala siku hiyohiyo.

Katika madaftari niliyokopeshwa, safu ya maoni ya azimio la kazi imejazwa kwa maneno yaleyale wiki baada ya wiki: imefundishwa, imeeleweka. Nilipomwuliza yule mama kama kweli ilikuwa inaeleweka kila wiki, alicheka kidogo, akasema katika miaka yake yote ya kazi mkaguzi alikuwa anaangalia kama safu imejazwa. Hakuna aliyewahi kuuliza kilichoandikwa ndani yake. Walimu wa Bara wamejaza safu ile kwa miongo mingi. Kabla ya mtaala unaofuata kuandikwa, ningeanza kwa kuwaambia waandike ukweli, kisha ningetafuta mtu wa kuusoma.